Baiskeli mbili, jina moja la bingwa: vile nilijua ipi ni ya ukweli, Yamumbi miaka ya sabini

Wakuu, nawasalimu kutoka Uasin Gishu, mvua imeshika na mahindi iko magotini.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi mahali, rafiki yangu Maina bado ako hai na mjukuu wake yuko humu ndani, atanianika.

Nimeona vijana mkiulizana juu ya zile baiskeli za zamani za mashindano zenye jina la bingwa kwa fremu. "Ni original?" "Jina si iko, chukua."

Aai! Jina! Wacha niwaambie.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Tulikuwa tumetoka Nyeri, tunaishi Yamumbi. Baba alikuwa mwanachama wa kampuni ya kununua shamba: watu mnachanga, mnanunua shamba la mzungu, halafu mnagawana vipande kwa kura.

Baba alikuwa amelima mashamba ya watu tangu utotoni. Yake mwenyewe hakuwa nayo hata moja.

Sasa, kulikuwa na mzungu jirani aliyekuwa anauza vitu arudi kwao. Kwa mnada wake kulikuwa na baiskeli mbili za mashindano, zile handlebar imejikunja kama pembe za kondoo dume. Zote zimeandikwa jina la bingwa mmoja wa mbio za Ulaya. Jina silitaji, sitaki kesi na mashabiki wake.

Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa, jina kubwa kwa rangi ya dhahabu. Ingine ya buluu imepauka, jina limebaki herufi tatu tu.

Kila mtu alitaka nyekundu. Maina ndiye aliipata. Mimi nikabaki na ya buluu, na nilinuna mpaka nyumbani, sidanganyi.

Mnajua watu wa huku, baiskeli bila carrier ya mizigo nyuma si baiskeli. Maziwa utabeba na meno? Maina akapeleka yake kwa welder mjini, akachomelewa carrier ya chuma, ikashika kabisa. Akapita kwetu mara tatu akipiga kengele. Kijana alikuwa na madharau huyo!

Mimi nikakimbiza yangu kwa Mzee Birech, fundi wa baiskeli kando ya barabara.

Akaiinua na vidole viwili.

"Sichomi hii."

"Kwa nini, Mzee? Ya Maina si imechomwa?"

"Ya Maina nimeiona ikipita hapa. Ni bomba ya maji."

Nilidhani ananibembeleza tu. Akagonga fremu na ukucha, ikalia ting, sauti ikakaa. Akachomoa kiti, akaniambia niingize kidole ndani ya bomba. Laini, hakuna mshono. Siku moja baadaye Maina alinikubalia niingize kidole kwa yake, nikapata mshono umesimama wima ndani, bati iliyokunjwa ikaunganishwa.

Halafu Mzee Birech akanionyesha pale nyuma ekseli ya gurudumu inakaa. Yangu ilikuwa chuma nzito, imefuliwa kwa nyundo. Ya Maina ilikuwa kipande cha bati nene kilichokatwa tu.

"Bomba hii ni nyembamba," akasema. "Moto wa welding utaiua. Na hiyo jina unalilia, mtu yeyote mwenye brashi anaweza kuandika."

Akafunga carrier na clips na bolt, chini yake akaweka vipande vya mpira wa tube kuukuu isikwaruze. Moto hakuwasha.

Baba alipoiona alicheka mpaka akakohoa. "Hii si baiskeli, ni mbuzi mgonjwa. Siku ya kura mimi naenda na lori ya kampuni."

Kura yenyewe ilikuwa na sheria. Mwanachama lazima awe pale yeye mwenyewe. Jina likiitwa mara tatu bila jibu, unangoja wote wavute karatasi zao, unachukua kilichobaki. Na kila mtu alijua kitakachobaki ni kinamasi kule chini.

Siku hiyo ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Saa moja asubuhi habari ikaja, lori imezama kwa matope, haiji. Kura ni saa nne, shamba liko upande wa Chepsaita, na baba alikuwa na goti bovu, hawezi kutembea hata nusu ya njia.

Niliona uso wake ukianguka, wakuu. Niliumia.

Akaangalia barabara. Akaangalia goti. Akaniambia, "Wewe kijana, lete hiyo kitu."

Nilikanyaga pedali siku hiyo kama mwizi. Matope, pancha moja, baba nyuma amenishika mshipi akinipigia kelele, "Polepole! ... Harakisha!" Kwa mlima nilishuka nikasukuma yeye akiwa juu, na ile fremu haikulalamika hata mara moja.

Katikati ya mlima tukampata Maina amesimama, naye pia alikuwa mwanachama anakimbilia kura. Ile bati ya nyuma ilikuwa imepinda, gurudumu limekwama.

"Waambieni waningoje!" akapiga kelele.

Tulisema. Hawakungoja.

Tulifika jina la baba likiitwa mara ya tatu. Sijashika breki bado, mzee ameruka, akaanguka kwa magoti ndani ya matope, kadi ya kampuni iko juu.

"Nipo! Nipo hapa!"

Watu walicheka sana. Akavuta karatasi yake, na ikatoka kipande kizuri cha mteremko.

Maina alifika saa sita, akapewa kinamasi. Alilia. Lakini msimhurumie sana, amepanda nduma huko, si mnajua zinapenda maji, miaka yote hii na sisi ndio tunanunua kwake.

Kwa hivyo somo langu ni hili: gonga, inua, ingiza kidole, angalia pale ekseli inakaa. Jina soma mwisho. Na usimwache mtu wa welding akaribie fremu nyepesi.

Nyinyi je, mliwahi kudanganywa na jina kwa fremu? Andikeni hapa chini, na mwenye kubisha abishe.

Baba siku hiyo alichechemea mpaka kwa kipande chake, akaketi chini kwa nyasi yenye maji, akavua viatu, akaweka nyayo kwa udongo. Nikamwambia twende nyumbani, mvua inakuja.

Akaniambia, "Enda wewe. Mimi nimefika."