Tairi Nilizomfungia Mwakio

Kosa ni langu, tena nilitenda huku nacheka! Jina langu sitaandika. Voi ni padogo, na mke wangu hajui haya ninayowaambia.

Nilikuwa dereva wa lori la mboga, kutoka Wundanyi mpaka stesheni ya Voi. Siku moja nikalipindua karibu na Mwatate. Tulikuwa pamoja na Mwakio, rafiki yangu wa kula sahani moja. Tajiri mwenye lori alipouliza, Mwakio akajibu, "Alikuwa amelewa."

Ni kweli, nilikuwa nimelewa! Lakini rafiki husema? Nikanyang'anywa lori, akapewa yeye. Mimi nikatupwa bandani kubadilisha tairi na kuziba pancha. Kila asubuhi akipita ananipigia honi, "Habari, fundi!" Fundi! Nikaapa moyoni: wewe, nitakupata.

Kabla ya masika tairi mpya zikaja kwa treni. Kulikuwa na za kashata ndefu, yale meno ya mpira yanayong'ata matope ya mlimani. Na kulikuwa na za kashata fupi, za lori letu lingine, lile la mkonge, ambalo halitoki kwenye barabara kavu ya tambarare. Tajiri aliniachia mimi kazi ya kuzifunga. Nikazibadilisha kusudi: fupi kwa Mwakio, ndefu kwa lori la mkonge.

Mwakio akainama, akapitisha kidole. "Mbona kashata fupi hivi, ndugu yangu?"

"Za kisasa hizo. Zinashika kama kupe."

"Haya. Wewe ndiye unayejua tairi."

Nilitaka akwame tu, nyanya zimwozee, tajiri amfukuze kama nilivyofukuzwa mimi. Basi! Mvua ilipoanza nikawa naziba pancha huku naimba.

Siku ya tatu ya mvua mke wangu akashikwa na uchungu kule nyumbani, Mwatate. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akasema apelekwe hospitali ya mlimani, tena upesi. Na lori gani lilipita? La Mwakio, tupu, likipanda kuchukua mboga! Hakusita. Alimbeba mwenyewe akamkalisha mbele.

Jamani, lori tupu, kashata fupi, udongo mwekundu uliolowa! Kona ya pili tu magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Wakatia mawe, wakatia matawi, wakazungushia magurudumu kamba za mkonge, zikakatika. Mwishowe wanaume wakamchukua mke wangu kwa machela. Walifika jioni. Yeye alipona. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, hakulia hata mara moja.

Kesho yake Mwakio alirudi Voi, matope mpaka kifuani. Nikamrukia shingoni mbele ya watu. "Umeniulia mtoto!" Aibu gani hii! Nilisema hivyo, mimi.

Hakunirudishia ngumi. Alinishika mkono akanipeleka lilipoegeshwa lori la mkonge. Akaingiza kidole kwenye zile kashata ndefu, safi, hazijaona tope. Kidole kikazama. Akanitazama.

Nikamwomba asimwambie mke wangu.

"Mara ile nilisema, ukanichukia," akajibu. "Safari hii sisemi. Lakini kila masika nitakuja kwako, na wewe ndiye utakayenichagulia tairi."

Hiyo ndiyo adhabu yangu, na ananilipiza bila kuinua mkono. Kila mwaka anakuja, ananisimamia. "Chagua, fundi. Wewe ndiye unayejua tairi." Nachagua, nazikaza nati mara mbili. Kisha mke wangu anamkaribisha nyumbani, anampa kiti changu na chai ya maziwa. "Shemeji, Mungu akubariki, wewe ulijaribu kumwokoa mwanetu." Naye anakunywa polepole, macho kwangu. Wakati mwingine natamani amwambie tu, yaishe!

Ndugu zangu, mkikosana na mtu mtukaneni, pelekaneni kwa wazee, pigeni hata makofi. Gari lake msiliguse! Tairi ya mlimani ifungwe kwenye gari la mlimani, hata kama dereva ni adui yako. Hujui atamchukua nani njiani.

Leo mawingu yametanda juu ya mlima Mbololo. Tairi za kashata ndefu nimeshazitoa nje, na honi yake naisikia inakuja.