Tulivyofagia ufukwe wetu mpaka mwekezaji akadhani hauna wenyewe

Wakuu, habari za humu. Mimi huwa nasoma tu, sichangii. Leo nimejikaza niandike, na nitasema nilichokiona kwa macho yangu, chumvi sitaongeza. Nachapa polepole, shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Natokea ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Lipingo.

Mbele ya kijiji chetu kuna miamba majini, na humo wanaishi samaki wadogo wa rangi. Wapo wa bluu, wa njano, wengine wana mistari. Kijiji tulikubaliana wenyewe kutotega nyavu pale. Wageni wakaanza kuja kuwatazama, nami nikachaguliwa kuwaongoza kwa sababu najua kupiga mbizi. Kuongea ni shida yangu ya siku zote.

Ikaja habari kwamba kuna mwekezaji anataka kujenga kambi ya watalii. Afisa wa wilaya angemleta aone eneo.

Hatukuikataa kambi. Tulichotaka ni ufukwe ubaki wetu, maana ule ndio jiko letu. Wanawake wamechimba vishimo mchangani, ukingoni mwa maji, humo wanaloweka muhogo mpaka ulainike, ndipo wauanike na kutwanga unga. Kila kishimo kina mwenyewe, mama anamwachia binti. Juu kidogo kuna vichanja vya kuanikia usipa, ndio dagaa wa kwetu.

Sasa kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye takataka. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza usafi. Vichanja vikang'olewa. Mitumbwi ikafichwa nyuma ya rasi iliyo mwisho wa ufukwe, kwenye matete. Akina mama wakaambiwa wafukie vishimo kwa mchanga, muhogo humo humo, mpaka wageni waondoke, maana muhogo wa kuloweka una harufu yake, anayeujua anaujua.

Dada yangu Fausta akamuuliza, "Mwenyekiti, huyo mgeni anakuja kuoa au kuangalia ziwa?"

Watu wakacheka.

"Fukia, Fausta. Mgeni ataziba pua."

"Azibe. Pua yake, ugali wangu."

Akafukia hivyo hivyo, huku anasonya.

Asubuhi ya ugeni sikuweza kukaa. Nilienda miambani nikarudi, nikaenda tena. Chai ilinishinda. Ufukwe ulipendeza kweli, umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana.

Gari likafika. Tukatoa shikamoo. Mwenyekiti akaanza kujisifu kwamba hapa kwetu ni pasafi siku zote.

Mwekezaji akatembea, akatazama, akamgeukia afisa.

"Hapa kuna shughuli gani za wananchi?"

Afisa akaangalia huku na huku. "Kwa ninavyoona, hakuna."

"Safi sana. Basi uzio utaanzia hapa mpaka kwenye ile rasi. Hatutamsumbua mtu."

Wakuu, nilimwangalia mwenyekiti. Angesema nini, na ametoka kusema ni pasafi siku zote?

Nilitaka kuongea mimi. Sauti ikagoma. Miguu ndiyo ikaenda, nikapiga magoti ukingoni nikaanza kufukua kwa mikono.

"Kijana, umepoteza kitu?" afisa akauliza.

Nikatoa muhogo, umelainika, unachuruzika maji. Harufu ikapanda. Mwekezaji akarudi nyuma.

Nikasema, "Hiki ni cha Fausta."

Hayo tu ndiyo yalinitoka. Lakini Fausta alishafika, ameshajifunga kanga kiunoni, anafukua cha pembeni. "Na hiki ni cha mama mkwe wangu! Mkishaweka uzio, mheshimiwa, utatupikia wewe?"

Wanawake wakashuka wote. Ufukwe ukageuka vishimo vitupu. Mwekezaji katika kurudi nyuma akazamisha kiatu kwenye kimoja ambacho hakijafukuliwa.

"Pole baba," Fausta akamwambia. "Hicho ni cha mke wa mwenyekiti."

Hata afisa alicheka. Halafu akakunja uso. "Mwenyekiti, mbona mlinificha?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, mheshimiwa."

Afisa akasema suala lirudi mkutano wa kijiji, na wenye vishimo wawepo. Mkutano ukaamua kambi ikae nyuma ya rasi, uzio usiguse maji, na kuongoza wageni kubaki kazi ya kijiji. Mwekezaji akasimama akakubali mbele ya wote.

Muhogo wetu ndio ulioumia. Kwa siku kadhaa ugali ulikuwa unatafunika kama una kokoto.

Nilichojifunza: mgeni mheshimu, lakini usimfichie unavyoishi. Ukijifuta mwenyewe, atakayekuja atasema hukuwepo, na atakuwa hajasema uongo. Hifadhi ya samaki tumeilinda sisi. Tulikaribia kufukuzwa kwenye hifadhi yetu kwa ajili ya adabu.

Sasa naomba maoni, hasa ya mnaoishi jirani na hifadhi na kambi za watalii, hata ndugu zangu wa Chiwanda na wa Mbinga juu. Mtu aliyekubali kwa mdomo tu, mlimbana vipi asigeuke? Nauliza kwa sababu jana nimeona vigingi vipya upande wetu wa rasi. Usingizi sina. Kijiji kimekaa, kimenituma mimi nikamuulize mwekezaji ni vya nini, na kesho ndiyo naenda.