Jezi ya Tano ya Casimir

Ndani ya kabati la Casimir Nowinski zilining'inia jezi nne za besiboli, na kila moja ilikuwa na jina la mtu aliyekwisha kuondoka. Casimir alikuwa dereva wa lori la kumwaga chumvi barabarani katika mji wa Marlow, kando ya ziwa. Theluji ya Ohio haijawahi kumnyima mtu kazi, kwa hiyo kila Januari alikuwa na kijisenti cha kujifurahisha. Alikipeleka kwenye duka la klabu ya Wafua Vyuma, akanunua jezi ya mchezaji aliyempenda kuliko wote. Na kila mara, kabla ya msimu kuanza, mchezaji huyo aliuzwa.

Mara ya kwanza watu walisema ni bahati mbaya. Mara ya pili walicheka. Baada ya ile ya nne, padri mwenyewe alimvuta pembeni misa ilipokwisha, akamuuliza kwa upole kama mwaka huu ana mpango wa kununua tena.

Klabu ilikuwa katika ujenzi mpya wa kikosi. Kila aliyejua kupiga mpira alibadilishwa na chipukizi wawili watatu ambao, kwa maneno ya meneja mkuu, siku moja wangetisha. Ulikuwa mpango wa miaka mitatu, na sasa ulikuwa umeingia mwaka wa tano ukiwa na afya njema. Fedha zilizookolewa kwenye mishahara zilinunua ubao wa matokeo mkubwa kupita yote katika ligi, ili hata mtu wa viti vya nyuma kabisa aone vizuri timu inavyoshindwa.

Mara moja tu mwenye klabu, Bwana Pelham, alichoka kuzomewa akafungua mkono. Alimsajili mrushaji mpira mmoja aitwaye Brock Lindahl kwa mkataba mnono wa miaka sita. Bega la Lindahl lilikufa kabla majani hayajapukutika. Tangu hapo alikaa benchi akitafuna mbegu za alizeti, na kwa hesabu za watu wa Marlow hapakuwa na mbegu ghali kama zile duniani.

Casimir alikuwa na shemeji yake, Orville Tebbe, kaka wa marehemu mkewe. Mkewe huyo, Marlene, alipokuwa hai, yeye ndiye aliyezungumza na wote wawili, nao hawakuwahi kujifunza kuzungumza wenyewe. Alipofariki, kilichobaki kati yao ni viti viwili vya msimu mzima, ubavu kwa ubavu, uwanjani nyuma ya kituo cha tatu. Pale waliweza kukaa saa tatu wakilaani timu, na kila mmoja alirudi nyumbani akijiona ametembelewa na ndugu. Baridi ilipoingia walikutana kwenye ukumbi wa kanisa tu, Ijumaa za samaki wa kukaanga.

Huko ndiko Orville alikoapa, mbele ya watu.

"Wamebakiza mtu mmoja," alisema. "Marquina. Wakimuuza na huyo, hela yangu hawaioni tena. Hata senti. Kiti changu wampe atakaye."

Yorvis Marquina alikuwa kijana wa Venezuela aliyesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, akidaka mipira kama mtu anayechuma matunda shambani kwake.

Darlene, mama aliyegawa samaki, akamgeukia Casimir. "Na wewe, Caz, jezi ya nani mwaka huu?"

"Sijaamua."

"Usiamue. Nunua soksi."

Meza ikacheka. Orville hakucheka. "Shemeji," alisema, "mimi siamini uchawi. Lakini ukimnunua Marquina nakuvunja miguu."

Casimir alirudi nyumbani na moyo mzito. Hakuogopa kuvunjwa miguu. Aliogopa mwezi wa Aprili, akae na mtu asiyemjua mahali pa Orville, mtu wa kumwomba radhi kila akitaka kupita.

Wazo lilimjia akiwa kwenye lori, akiitazama chumvi ikiila barafu nyuma yake. Kama mkono wake unaondoa watu, kwa nini usiondoe anayestahili kuondoka? Dawa ya moto ni moto. Mshahara wa Lindahl ukitoka, klabu haitakuwa na sababu ya kumuuza Marquina.

Msichana wa dukani alimtazama mara mbili. "Lindahl? Una hakika, mzee wangu?"

"Nampenda sana," Casimir akasema.

Alisema hivyo kwa sababu aliona lazima ampende, la sivyo haitafanya kazi. Wale wanne aliwapenda kwa dhati. Basi akajitahidi. Alikata picha ya Lindahl gazetini akaibandika juu ya sinki. Alijikumbusha kwamba bega ni bega tu, linaweza kumfia yeyote. Kufikia wiki ya tatu alijikuta akimwonea huruma kidogo, akaona hiyo yatosha.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, ukumbi ulikuwa umejaa, Darlene akasimama na simu mkononi.

"Nyamazeni. Lindahl ameondoka. San Antonio wamemchukua."

Watu wakapiga makofi mpaka sosi ikamwagika. Casimir alikuwa mtu wa haya, hajawahi kusimama mbele ya watu ila siku ya harusi yake. Lakini alisimama. Akafungua zipu ya koti taratibu, akageuka, na ukumbi mzima ukasoma mgongoni mwake: LINDAHL.

"Mtakatifu Casimir," mtu akasema, na makofi yakaanza upya. Mwingine akamsogezea sahani ya pierogi, maandazi ya Kipolandi. Orville mwenyewe alimpigapiga begani. "Shemeji, kumbe una akili. Miaka yote hii umeificha wapi?"

"Ngojeni," Darlene akasema. "Kuna mengine hapa chini."

Akasoma polepole. Hakuna klabu iliyokubali kuubeba mkataba wa Lindahl hivihivi. San Antonio walikubali kwa sharti waongezewe kitu, kama mnunuzi wa nyama anayechukua mifupa mradi atiliwe na pande la paja. Pande la paja lilikuwa Marquina.

"Na sisi tumepata nani?" Orville akauliza.

"Mchezaji atakayetajwa baadaye."

"Hata jina hana?"

"Hana. Meneja anasema ana matumaini naye makubwa."

Orville akafuta mdomo, akavaa kofia, akatoka. Mchimba kisima alikuwa amesimama ndani ya kisima chake, zipu wazi, na hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwezi Machi Casimir alikwenda kulipia kiti kimoja. Karani akampa tiketi mbili. Viti vingi mno vilikuwa vimerudishwa, alieleza, kwa hiyo mwaka huu anayelipia kimoja anapewa cha pili bure.

Jioni ile alisimamisha lori mbele ya nyumba ya Orville, akamwaga chumvi ya serikali kwenye njia yake yote mpaka mlangoni. Orville alitoka kuona kelele za nini.

"Niliapa," alisema, kabla ya kuulizwa.

"Uliapa kutowapa senti. Hii ni bure." Casimir akamnyoshea tiketi ya pili.

Orville akaigeuza tiketi, akaisoma nyuma na mbele. "Bure kabisa?"

"Na soseji moja."

Orville akaitia tiketi mfukoni, kama mtu aliyekwisha saini mkataba. "Basi siwapi kitu. Nakwenda kuwatia hasara."

Siku ya kwanza ya msimu kulikuwa na baridi, na nusu ya uwanja ilikuwa tupu. Orville alikuta Casimir amekwisha kaa. Akamtupia furushi mapajani.

"Sijainunua kwao. Mpwa wangu kaishona. Vaa."

Casimir akaikunjua. Mgongoni palikuwa na jina moja, limeshonwa kwa uzi mnene: PELHAM.

Akalitazama jina la mwenye klabu, kisha akamtazama shemeji yake. "Lazima nimpende kwanza," alisema.

"Jitahidi."

Casimir akaivaa juu ya koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaanza kujitahidi.