Dwight Haugen na Tangi la Asali

Dwight Haugen alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha kufungasha asali huko North Dakota, na cheo hicho alikipata kwa sababu waliomtangulia walikufa au walihama. Kazi hakuijua, ila mdomo alikuwa nao. Kutwa alikaa kantini na kahawa yake, akiwacheka wafuga nyuki, akiwacheka madereva, akimcheka hata mchungaji wake.

Msimu mmoja mwenye kiwanda, mzee Tollefson, alinunua kihisi cha tangi kubwa. Kilikuwa fimbo ya chuma iliyoning'inia ndani ya tangi. Kwa umeme hafifu ilihisi asali imefika wapi, na tangi likijaa ilizima pampu. Kabla ya kuanza kazi, kifaa kilitakiwa kuonyeshwa tangi likiwa tupu, kisha likiwa na asali, ili kijue tofauti.

Dwight aliona uvivu kungoja asali ipashwe moto hadi itiririke. Akavuta mpira wa maji, akalijaza tangi maji.

"We Dwight, maji ya nini?" aliuliza Marlys, mwendesha pampu. "Maji yanakishtua zaidi kuliko asali. Ukikizoesha maji, asali itajaa, chenyewe kidhani ni nusu. Mbona imeandikwa kwenye maelekezo?"

"Maelekezo wasome wasiojua kazi, mama mwalimu. Kujaa ni kujaa."

"Haya, shauri yako."

Tangi lilipokaushwa, asali ikaanza kuingia. Marlys alikuwa ametumwa kupakia lori. Dwight akapita, akaona kioo cha kihisi kinasoma nusu, akakigonga kwa kidole kama daktari, akarudi kwenye kahawa. Asali ikafika ukingoni, ikaanza kumwagika sakafuni. Kioo bado nusu, pampu bado inasukuma.

Aliposikia kelele alitoka mbio. Kiatu cha kushoto kikanasa kwenye asali, yeye akaendelea bila kiatu, akaanguka kifudifudi. Marlys ndiye aliyezima pampu. Dwight alijaribu kuinuka, nywele zikabaki zimegandia sakafuni, akalala tena akitukana.

"Nini hiki?" Tollefson aliuliza mlangoni.

"Kifaa, mzee. Kibovu. Hizi takataka za kisasa..."

"Ulikipimia nini?"

Dwight akajikohoza.

"Nakuuliza, bwana."

"Maji," alisema, sauti kama ya mtoto aliyekojoa kitandani.

Kifaa kilipimwa upya kwa asali halisi, na tangi halikufurika tena. Dwight alisimama pembeni akitazama, mikono mfukoni, na kazi ilipokwisha akamwambia Marlys, "Ndivyo nilivyotaka kufanya mimi." Marlys akarudi kwenye pampu yake.

Akahamishiwa ghalani kubandika lebo kwenye makopo. Alizibandika upande upande hadi alipostaafu. Siku hizi hukaa mkahawani akisimulia jinsi mashine zilivyomnyang'anya fundi hodari riziki yake. Mhudumu humwongezea kahawa na kuondoka kabla hajafika katikati.