Rangi Zilibaki Daraja Mbili

Siku ya kumzika mama yangu, nusura nimuue mara ya pili. Kwa kibodi.

Usicheke. Nilikuwa nimechoka hadi macho yananiwasha. Wageni, hema, sufuria za chai, kila kitu ni "Sheila, Sheila".

Mama, Mong'ina, aliimba kwaya ya kanisa letu hapa Kebirigo. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: rekodi ya mazoezi ndani ya kompyuta ya kanisa. Nilitaka aimbe kwenye mazishi yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo kompyuta ikawaka skrini nyeusi tupu, inangoja amri.

Oyoo, fundi kutoka Homa Bay aliyetuwekea hiyo mashine, alituachia mwongozo. Mzee wa kanisa, Onsongo, akauleta mbio.

"Andika vile iko, Sheila. Usiongeze, usipunguze."

Nikaandika mstari wa kwanza niliouona: rm <jina>

Mashine ikagoma. Nikarudia, ikagoma. Nikalia palepale, mzee akiniangalia.

Nikampigia Oyoo.

"Pole na msiba. Umeandika nini?"

Nikamsomea.

"We Sheila! Hiyo si ni ile nyekundu?"

"Nyekundu gani? Hapa yote ni nyeusi."

Kumbe Oyoo aliandika kwa rangi. Buluu, andika. Nyekundu, usiguse, hiyo inafuta. Mzee Onsongo aliogopa karatasi yenyewe ya rangi isichafuke, akaifungia kabatini na kutuletea kopi iliyotolewa sokoni Daraja Mbili. Mashine ya kule haijui rangi.

"Na kwa hayo mabano uliweka nini?"

"Jina. Vile imeandikwa."

"Hapo unatoa mabano, unaweka jina la rekodi. Ungejua hiyo, mathe angekuwa ameenda kabisa."

Kutojua kwangu ndiko kulikomwokoa mama.

Oyoo akanisomea ile ya buluu, herufi kwa herufi. Rekodi ikafunguka.

Kabla ya wimbo, viti vinaburutwa. Mtu anauliza, "Sheila hakuji mazoezi leo?"

Halafu mama, kwa Kikisii chake cha upole: "Muacheni mtoto wangu. Amechoka, alale."

Nikaweka kichwa juu ya meza ya kanisa, nikalala. Mzee Onsongo akawaambia watu wangoje.

Ndugu yangu, ukiandikia watu maelekezo, usitegemee rangi peke yake. Anayesoma huenda ameshika kopi nyeusi, na amefiwa.