Nilimficha mtoto, shosho akamleta kwenye intavyu

Leo mama mkwe ameharibu intavyu yangu. Ama ameiokoa, mtaniambia.

Ni ile skolashipu ya kusomea Kirusi huko nje, mwaka mmoja. Sikuwa nimewaambia niko na mtoto. Niliogopa wataninyima. Kwa hivyo nikampeleka Kamau kwa shosho yake, huyo mama mkwe, mlango wa pili hapa Njoro, nikaketi mbele ya simu na blauzi ya kanisa.

Mwalimu mmoja kwenye video akasema, "Sasa tuongeleshe Kirusi kidogo, bila kusoma."

Kichwa kikawa tupu. Kabisa.

Mara mlango ukafunguka bila hodi. Shosho huyo, na Kamau analia mpaka jasho.

"Mama Kamau, shika huyu! Mwambie kwa hicho Kirusi chako alale. Kikuyu changu amekataa!"

(Mazoezi ya Kirusi nafanya na Kamau, jamani. Nani mwingine atanisikiza?)

Nikambeba, nikambembeleza kwa Kirusi kama kila siku: lala baba, mvua imeisha, ng'ombe wamerudi nyumbani.

Akanyamaza.

Kisha yule mwalimu akauliza, "Huyo utamwacha na nani?"

"Simwachi. Naenda naye."

"Lakini skolashipu ni ya mtu mmoja."

"Kitanda cha mtu mmoja kinatutosha, mwalimu."

Wamesema wataulizia wakubwa wao. Sawa. Wakikataa naomba tena mwaka ujao, na Kamau atakaa mapajani kutoka mwanzo.

Wamama mliosoma mkiwa na mtoto mchanga, mlifanyaje? Semeni hapa chini. Nachoka, lakini nasoma zote.