Nafasi za Bi Ashatu

Mume wangu Muataz hajui kutulia. Ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Bagamoyo ni ndogo, lakini yeye huizunguka kutwa nzima: mara mlangoni, mara kwenye kompyuta, anabonyeza, anasonya, anatoka tena. Nimemzoea. Ila wiki ile alinichosha hasa.

Mama yake, Bi Ashatu, alitakiwa awahi Maskati. Wifi yangu Samia alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo Alhamisi, na kwenye simu kilio chake kilikuwa kimoja tu: amwone mama kabla hajaingizwa. Ndege ya mwisho ya kumwahi ilikuwa ya Jumatano.

"Si umkatie tiketi?" nilimwambia Muataz.

"Subiri. Bei itashuka."

"Samia naye asubiri?"

"Miza, hii ndiyo kazi yangu."

Kazi yake kweli, sikatai. Watu hudhani kiti ni kiti. Wapi! Viti vinafanana, ila shirika limevigawa mafungu kama samaki wa mnadani. Fungu la bei ya chini lina viti vichache. Likiisha unapandishwa la juu yake, mpaka mtu wa mwisho anajikuta kalipa maradufu ya jirani waliyegusana naye viwiko. Na wakala anaweza kukushikia nafasi hujalipa. Kiti hicho hutoka kwenye fungu, muda ukiisha kinarudi.

Muataz aliona fungu la chini limekwisha, na ndege yenyewe bado ina viti kibao. Akajipa jibu: hilo ni kundi la harusi, wameshikia tu, hawatalipa. Wakiachia, yeye atadaka.

Jumatatu hawakuachia. Jumanne asubuhi viti vikarudi, na kabla hajamaliza kuandika jina la mama yake vikashikwa tena. Muataz akapiga meza. "Watu gani hawa wasio na haya?" Chai niliyomwekea hakuigusa, na mimi hofu ikanipanda, maana hata nafasi za bei ya juu zilikuwa zinapungua.

Adhuhuri Bi Ashatu akaingia na begi lake, kashafunga safari. Tukamwamkia, akaitika.

"Vumilia kidogo mama," Muataz akasema. "Nafasi za bei nafuu zimeshikwa."

"Najua. Ni zangu."

Tukamtazama.

"Kaka yako Darwesh kanishikia kwa wakala wake wa Dar. Mdogo wako Issa kanishikia kwa mwingine. Ami yenu wa Lugoba naye kanishikia, na shangazi zenu pia. Leo asubuhi wamenipigia wote, wamesema wameshikia upya."

"Mama, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani kwamba nafasi yake siitaki? Kila aliyeniambia nimemshukuru nikamwombea dua. Siwezi kumvunja mtu moyo kwa kutaka kunifikisha kwa mwanangu."

"Na mbona hawalipi?" nikauliza.

"Wanamngoja Muataz. Wanasema yeye ndiye anayejua tiketi, akishasema bei imekuwa nzuri watalipa."

Muataz akarukia simu. "Waachie wote sasa hivi! Wakiachia tu, bei inarudi chini, naikata palepale."

Bi Ashatu akaufunika mkono wake kwa kiganja. Hakupandisha sauti.

"Wote wamenishikia, mwanangu. Wewe mwenye ofisi ndiye hukunishikia."

Muataz macho yalimwiva mekundu. Nilimwonea huruma, na hasira zangu nilikuwa nazo vilevile. Akaiweka simu chini, akakata tiketi iliyokuwepo kwa bei iliyokuwepo, hakumpigia mtu kumwambia aachie. Mkono wa mama yake ulikuwa bado juu ya wake.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Ilikuwa Samia, sauti yake nyembamba.

"Wananiingiza sasa hivi. Mama yupo, ananimalizia kusuka nywele. Anamuuliza Muataz kama amekula."

Nikampa Muataz simu. Akaiweka sikioni, akaivuta chai niliyomwekea, akanywa.